Verna na Mashine ya Nane-Tano

Kwa wacheza poka ya mashine wa Las Vegas, nawazungumzia wenyeji, si wale wageni wanaokuja kumwaga pesa wikiendi, kila mashine ina jina lake na jina lenyewe liko usoni pake. Ukipata karata tatu za namba moja pamoja na jozi, inakulipa mara ngapi? Ukipata tano za kopa tupu je? Ikiwa mara tisa na mara sita, hiyo ni tisa-sita, yenye malipo kamili, kaa ucheze. Ikiwa nane na tano, basi ni nane-tano, shika njia yako.

Verna Stukel, mpishi mstaafu wa shule, alifundishwa lugha hiyo na mumewe, Orrin. Kila asubuhi walikuwa kasino ya mtaani kwao, Verna kulia, Orrin kushoto. Karata zikimtatiza, Verna humgeukia.

"Nishike zipi, mzee?"

"Shika jozi, mama. Hizo nyingine tamaa tu."

Orrin alifariki Februari. Verna aliendelea kwenda, maana kimya cha nyumbani kilimkaba, na pale angalau kiti cha mumewe kilikuwepo. Kiangazi kilipofika, wenye kasino wakaleta fundi. Akafungua mashine zilizokuwa tisa-sita, akafunga, zikabaki na umbo lilelile lakini zote nane-tano. Roho mbaya tu! Wateja wa siku zote wakahama, wala siwalaumu.

Delphine, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alimfuata kwa gari.

"Panda, shoga. Henderson wana tisa-sita safu nzima."

"Leo kiuno kinaniuma."

"Kitapona ukishinda. Panda bwana!"

Verna akaenda naye hadi kasino ya Henderson, mji wa jirani. Alisoma mashine kabla hajakaa, kama desturi: tisa, sita. Akacheza vizuri, bahati ikamkubali. Kisha zikatoka malkia wawili, na katika karata zile tano, nne zilikuwa kopa. Jibu alilijua, ni jozi, kila mchezaji analijua. Akageukia kushoto.

"Nishike zipi, mzee?"

Mwanamume mwenye kofia akatoa vitu vya muziki masikioni. "Unasema na mimi, bibi?"

Verna akabonyeza ovyo, akainuka. Garini alilia bila kujificha. Alimtaka Orrin, basi, na Henderson nzima hakukuwa na mahali ambapo Orrin aliwahi kukaa.

Kesho yake Delphine alimkuta kasino ya mtaani, ukumbi umepwaya, Verna peke yake anabonyeza.

"We Verna, una akili timamu kweli? Unaibiwa mchana kweupe!"

"Najua. Kusoma najua."

"Sasa unafanya nini hapa?"

Verna akabonyeza tena. Delphine akashusha pumzi, akavuta kiti cha kushoto akae.

"Si hapo," Verna alisema upesi, mkono tayari uko juu ya kiti. "Samahani, mwenzangu. Hapo bado siwezi."

Delphine alimtazama, kisha akakirudisha kiti taratibu. Akamzunguka, akaenda upande wa kulia, akainama kusoma mashine ya huko kama alivyozisoma zote maisha yake. Nane. Tano. Akasonya, akaketi, akatoa noti mkobani na kuiingiza.