Chumvi ya Kuvutia Ndege

Juzi nilikwenda ofisi ya kata huku Serengeti kugongewa mhuri, nikakuta ofisa wa uwanja wa ndege akiwaeleza wananchi mpango wake. Shirika la ndege litakaloanzisha safari mpya za kuja huku, alisema, litasamehewa ada ya kutua mwaka mzima.

Mzee mmoja mfugaji akainua fimbo. "Hiyo ni chumvi, mwanangu."

"Shikamoo, mzee. Chumvi gani?"

"Tukitaka ng'ombe wazoee malisho mapya, tunawawekea magadi. Wanakuja mbio! Wakishalamba, wanatafuta majani. Wakiyakosa, wanarudi walikotoka."

"Sasa majani ya ndege ni nini?"

Mzee akatuzungushia fimbo sote. "Ni hawa. Nani hapa amewahi kupanda ndege?"

Ofisa peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, tena nusunusu. Nikajua mpango umekufa. Lakini mzee akajikongoja hadi mezani, akagonga daftari la ofisa kwa kidole.

"Andika jina langu. Kwa binti yangu Dar huwa naenda na basi, mgongo umekataa."

Watu wakacheka, kisha wakapanga foleni. Mimi ni jani la saba. Mhuri nilisahau hata kuuomba.