Tangazo la Pili la Mbuzi wa Bibi

Chwa. Kimya kidogo. Halafu chwa tena.

Mwanangu, hadi leo nikifumba macho naisikia sauti ya panga la Bibi likikata mgomba nyuma ya jiko lake kule mlimani Kilema. Mgomba una maji mengi ndani, kwa hiyo haukatiki kama kuni. Unakatika kama mtu anayekula tikiti bila adabu. Na kila panga lilipotua mara ya kwanza, kutoka kwenye kona yenye giza ya jiko mtu alijibu: "Khm."

Mtu huyo alikuwa mbuzi.

Nakuambia haya kwa sababu juzi ulikuja pale kwenye cherehani yangu, Soweto ya hapa mjini, ukaweka insha yako juu ya suruali ya mteja ukasema, "Mama, isome, halafu uniambie mbona haina ladha." Nimeisoma. Harusi ilikuwa ya kupendeza, bibi harusi alipendeza, chakula kilikuwa kitamu na watu wote walifurahi. Nimefika mwisho sijaona hata kijiko. Usinune. Sina elimu ya kukusuta, shule niliishia kidato cha pili. Hata uzee wenyewe sijaufikia sawasawa. Nimeota mvi kidogo hapa mbele na nimeamua kuzitumia. Nitakusimulia tu jinsi mbuzi alivyonifundisha kuandika.

Nilikuwa wa rika lako, naishi na Bibi yangu, Bibi Genoveva, mama yake baba. Nilikuwa binti wa ndoto. Ukinituma maji, nilirudi na majina ya watoto wangu wote wa baadaye, na ndoo tupu. Mwaka ule mdogo wangu Deo alikuwa anapata kipaimara, na ndugu wa Dar na Arusha wote walikuwa wanakuja. Bibi alikuwa ameshasema kwa kinywa chake kwamba ndafu ya siku hiyo anatoa yeye. Ndafu unaijua, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, anayeletwa mbele ya wageni amesimama na majani mdomoni kana kwamba bado ana safari. Sherehe zote za nyuma wanawe ndio waliotoa. Bibi alikalishwa mbele, akavishwa kitenge, akapigiwa makofi. Alichoka kupigiwa makofi. Safari hii alitaka aonekane anatoa.

Sasa sikiliza jambo moja la kwetu mlimani, maana ndilo lililoleta shida yote. Mbuzi wetu hatembei. Anazaliwa ndani, analetewa majani na mgomba uliokatwakatwa humohumo ndani, na huko nje hakujui. Jirani anaweza kuishi upande wa pili wa masale yako, ile mimea ya mpakani, miaka yote, akasikia mbuzi wako analia, asimwone hata siku moja.

Zilibaki Jumapili mbili kufika kipaimara, ikanyesha mvua ya nguvu. Mgomba wenye mkungu mzito ukaangukia ukuta wa jiko, mbao zikaachia, na kulipokucha ile kona ilikuwa tupu.  Bibi alichukua panga akaenda nyuma, akakata mgomba. Chwa. Akasimama. Hakuna aliyejibu.

Kigangoni kwetu kitu kikipotea kinatangazwa kanisani baada ya ibada. Mwandishi wa familia nikawa mimi, kwa sababu shuleni niliwahi kusifiwa kwa insha. Mwanangu, niliandika. Nilikaa na kalamu jioni nzima na kila neno zuri nililowahi kulisikia kwenye hotuba nililitafutia kiti. Neno mbuzi niliona halifai kusomwa karibu na altare. Jumapili, katekista akavaa miwani akasoma:

"Kwa masikitiko makubwa na moyo uliojaa simanzi, familia ya Bibi Genoveva inatangaza kutoweka kwa mpendwa wetu, mpole, mtulivu, mwenye sura ya kuvutia, aliyekuwa tumaini la familia. Pengo aliloliacha halitazibika."

Nilisikia mtu nyuma yangu anapenga kamasi. Nikajua nimefaulu.

Bibi hakuwa kanisani, alikuwa korongoni anatafuta. Mimi nilichelewa kutoka kwa sababu kina mama walikuwa wananikumbatia, mmoja baada ya mwingine, nami nikidhani ndiyo faida ya kuwa mwandishi. Nilipofika nyumbani nikakuta uwanja umejaa. Kuna aliyeleta sukari, kuna aliyeleta kuni, wengine wameshawasha moto wa chai ya wafiwa. Meku Apolinari, jirani yetu, mzee mkavu asiyecheka hata akitekenywa, alikuwa amefika na turubai kichwani. Hapo ndipo Bibi akatokea kwenye migomba, amejaa majani kichwani, panga mkononi. Mama mmoja alikaa chini palepale kwenye tope. Walikuwa wamekuja kumzika.

"Genoveva," Meku akasema taratibu, "wewe si ndiye umefariki?"

"Sijaambiwa."

"Sasa huyu mpendwa wetu ni nani?"

"Atakuwa mbuzi," Bibi akasema, macho yake yananitafuta mimi.

Meku akalishusha turubai chini, akalitazama. "Nimebeba hili kutoka kule bondeni. Kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi ni nyama, mama, analiliwa nini?"

"Basi kaa unywe chai. Naona sukari imeletwa nyingi."

Walikunywa, wakacheka, wakaondoka. Na hakuna hata mmoja aliyeondoka kwenda kutafuta. Watamtafuta nani?

Watu walipoisha, Bibi aliniita jikoni. Nilijua nitachapwa kwa maneno. Akanionyesha ile kona. "Ingia, ukae."

"Kwenye kinyesi, Bibi?"

"Yeye alikaa. Ingia." Nikaingia, nikakunja sketi. Akajiinamisha mlangoni. "Yule uliyemwandika, mpole, mtulivu, wa kuvutia, ni mbuzi wa nani? Mimi niliyemlisha kwa mkono wangu nimesomewa hayo maneno, nami simjui. Hao jirani hawajamwona hata mkia. Ukiwaambia mpole, wamwone vipi?"

"Niliandika kwa Kiswahili kizuri, Bibi."

"Kizuri sana. Kimeniletea turubai." Akageuka kwenda zake. "Kaa humo mpaka umwone. Ukishamwona, andika."

Nikakaa. Mwanzoni niliona harufu tu. Baadaye nikaona kwamba mbao za upande wa moto zimelainika, zinang'aa, kwa sababu alikuwa akizisugua na shingo. Alipenda kuota moto kama mzee. Nikakumbuka siku alipoinama mno kwenye mafiga, ndevu za upande wa kushoto zikaungua, na hazikuota tena vizuri. Nikakumbuka jinsi alivyoogopa jua siku tulipofungua mlango kusafisha, akasogea nyuma huku amekunja uso. Wakati huo Bibi huko nje akakata mgomba. Chwa. Nikiwa nimekaa pale chini, kimo cha mbuzi, nikajishtukia nimesafisha koo kujibu. Nikamsikia Bibi anasimama. Alisimama muda mrefu, mwanangu. Halafu akasema, "Ni wewe," akaendelea kukata.

Tangazo la pili niliandika kwa muda mfupi tu. Jumapili iliyofuata katekista aliliangalia kwanza mbele na nyuma kwa mashaka, ndipo akasoma:

"Mbuzi wa Bibi Genoveva amepotea. Ni wa kahawia. Hajawahi kutoka nje, kwa hiyo njia hazijui na jua linamtisha. Ndevu zake ni za upande mmoja. Za upande wa kushoto aliziunguza kwa kuota moto. Akisikia panga linakata mgomba, anakohoa kama mzee anayetaka kupishwa njia. Kila jioni Bibi anakata mgomba, kisha anasimama kusikiliza."

Watu walicheka kwenye ndevu. Wakacheka zaidi kwenye kukohoa. Kwenye ile sentensi ya mwisho kicheko kikakatika, kila mtu akawa anatazama kiatu chake. Katekista akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Jioni ile ungekuwa Kilema ungedhani watu wamerukwa na akili. Chwa huku, chwa kule, mlima mzima unakatwa. Watoto walikata migomba mpaka yenye mikungu michanga, wakatandikwa, wakaendelea kukata. Kila kihamba, kila shamba la nyumbani, mtu anakata, halafu anasimama kusikiliza. Mbuzi wa watu wote waliamka na kudai chakula.

Wetu alikuwa wapi? Kwa Meku Apolinari. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi, na jioni ile wazee walikuwa wamezunguka pipa la ndizi linalochemka, wanapashana joto. Mbuzi alikuwa ametoka korongoni amelowa, akauona moto, akaingia akakaa katikati yao kwenye kivuli. Wazee wenyewe macho yao unayajua. Meku akainuka kukata kigogo cha mgomba cha kuegemeza pipa. Chwa.

"Khm."

"Pole," akajibu mzee mmoja, akidhani ni mwenzake.

Meku akabaki panga liko hewani. Alituambia baadaye kwamba maneno ya kanisani yalimjia yote kwa mpigo. Akakata tena. "Khm." Akachukua kijinga cha moto akamulika wazee mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye mwenye ndevu za upande mmoja.

Alimleta mwenyewe, amemvisha koti lake. Bibi alikuwa nyuma ya jiko amesimama. "Genoveva," Meku akasema, "mzee wako alikuwa kwangu. Hajanywa."

Bibi alimshika mbuzi masikio, akamtazama, akamwambia maneno ya Kichagga ambayo sitayarudia kwa sababu hayakuwa ya heshima.

Ungedhani mambo yameisha vizuri. Wewe subiri. Wiki ile nzima watu walikuja kumwona mbuzi. Walileta majani mabichi, wakakata mgomba kidogo wenyewe ili akohoe, wakaondoka wameridhika. Ndugu wa Dar walipofika hawakuuliza kwanza habari za Bibi. "Yuko wapi yule wa ndevu?" Shangazi yangu alipiga naye picha, na ile picha ikazungushwa ukoo mzima.

Ikafika asubuhi ya kipaimara. Mchinjaji alikuwa Meku Apolinari, maana kwa ndafu hakuna aliyemfikia. Akanoa kisu, akakata mgomba atandaze majani.

"Khm."

Meku akaweka kisu chini. "Mimi simchinji."

"Si ulisema mbuzi ni nyama?" Bibi akauliza.

"Nilisema kabla hajaandikwa."

Wakaitwa baba zangu wadogo. Mmoja akasema bega linamuuma. Mwingine akasema yeye siku hizi anakula kuku tu. Bibi alikaa juu ya kigogo na kitenge chake kipya, wageni wameshaanza kuteremka kutoka kanisani. Ametangaza ndafu kwa kinywa chake mwenyewe, na sasa atakalishwa tena mbele apigiwe makofi. Aliponitazama nilitamani ardhi inimeze. Alisema polepole, "Umeandika mpaka umeninyima nyama."

Meku alisikia. Akaenda kwake bila kuaga, akarudi na kamba, na nyuma ya kamba kulikuwa na dume jeupe, limenona, limekasirika. "Huyu," akasema, akinitazama kwa ukali, "huyu msichana hajamwandika. Wala asimsogelee." Akaweka kamba kwenye kiganja cha Bibi. "Shika wewe. Wa kwangu aende kwa wageni, wa kwako abaki kwako kwa ajili ya wote. Ukishika kamba wewe, umetoa wewe." Na saa ya ndafu ilipofika, Bibi ndiye aliyetembea mbele yake kuingia uwanjani, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Sasa nasaha zenyewe, maana umekuja kwa ajili hiyo na mimi nina suruali ya mtu ya kumalizia. Mwanangu, neno "mpole" halina ndevu. Ukiandika kwamba kitu ni kizuri, msomaji anakubali tu na kupita, kama mtu aliyesalimiwa njiani na asiyemjua. Kaa kwanza ndani ya kona ya kile unachokiandika, hata kama kinanuka, ukae mpaka ukione. Utaona mengi, na mengi utayaacha. Mimi zile mbao zilizolainika sikuziandika, lakini nadhani ndizo zilizonifanya nijue la kuchagua. Halafu kuna hili la mwisho. Sikuandika kwamba Bibi ana huzuni. Nilimwacha amesimama anasikiliza, basi. Kanisa zima likaenda kusimama pale pamoja naye. Mwachie msomaji mahali pa kusimama, atakuja mwenyewe. Na ujue kwamba ukiandika vizuri unabeba mzigo, maana kilichoonekana na watu hakiliki tena kirahisi.

Rudi kwenye harusi yako, unitafutie kile kijiko. Mungu akupe jicho lisilo na haraka na sikio lisilochoka, na mkono wako usikose cha kuandika wala tumbo lako cha kula, kama si mbuzi basi hata mtori wa ndizi.

Mwaka jana nilipanda Kilema. Bibi tulishamlaza kwenye kihamba chake, karibu na jiko, na mbuzi alikuwa ametangulia zamani kwa uzee wake. Wenzangu walikuwa mbele ya nyumba wanaongea. Nilizunguka nyuma, nikalikuta panga pale linapochomekwa siku zote. Nikakata mgomba, kisha nikasimama kusikiliza.