Mkesha Ambao Hakuna Kunyanyuka

Filoména alikuwa amepanga kila kitu karibu na kiti chake: sufuria ya supu ya kabichi chachu sakafuni, samaki wa kukaanga na viazi ubavuni, bakuli la mikate midogo ya mbegu za popi nyuma yake. Kwetu milimani Orava, mkesha wa Krismasi, ukishakaa mezani hunyanyuki mpaka chakula kiishe. Anayenyanyuka haioni Krismasi nyingine. Wapo wanaoicheka mila hii, na wacheke, lakini hao hao nimewaona mezani wakibana mkojo.

Filoména hakuwa na cha kucheka. Mume wake, Ignác, mkesha mmoja alinyanyuka. Mwana wao wa pekee, Vendelín, alikuwa ameachwa na basi, akafika supu ikiwa mezani, akagonga, na baba mtu kwa furaha akaruka kwenda kumfungulia. Kabla nyasi za kiangazi hazijakatwa, Ignác alianguka zizini akafa. Makaburini, mbele ya watu wote, Hermína, dada wa marehemu, alimnyooshea kijana kidole. "Wewe ndiye uliyemwinua!" Vendelín alimgeukia mama yake, akangoja aseme neno. Filoména akanyamaza. Kijana akaenda zake migodini katika mji wa Ostrava, na tangu hapo hajakanyaga nyumbani Krismasi.

Basi jioni hii mezani walikuwa wawili tu, Filoména na wifi yake, na sahani ya tatu tupu. Walikuwa wameshakula mkate mwembamba wa asali na kitunguu saumu, wameanza supu. Ndipo mbwa akalia uani.

Hakubweka. Alilia kwa kudeka, na mbwa yule alimdekea mtu mmoja tu duniani.

"Umesikia?" Filoména aliuliza.

"Nimesikia mbwa. Kunywa supu."

"Ni Vendelín!"

"Angekuwa yeye si angegonga? Mlango anaujua."

Wakatega masikio. Theluji ilikwaruza chini ya viatu, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Mtu alikuwa anakanyagakanyaga mahali pamoja ili miguu isigande. Hapo Filoména akaelewa, na moyo ukamuuma vibaya. Mwanawe alikuwa hagongi makusudi. Alikuwa anangoja wamalize kula, asije akamwinua mtu tena. Na baridi ya siku ile ilikuwa imeshagandisha maji ya ndoo pale barazani.

"Tule upesi, wifi."

"Upesi wa nini? Samaki ana miba huyo. Unataka ikukwame?"

Filoména akajaza samaki mdomoni, akatafuna harakaharaka. Nje viatu vilianza kutembea. Havikuja mlangoni, vilielekea langoni. Mbwa akalia kama anayeachwa.

"Anaondoka! Jamani, mwanangu anaondoka!"

Hermína akamdaka mkono. "Kaa! Kaa chini, Filoména, nakuomba. Kaka yangu nimeshamzika. Na wewe nikuzike? Mimi nitabaki na nani?"

Mwanamke yule hakuwahi kumwomba mtu kitu maishani mwake. Na Filoména aliogopa, tusidanganyane. Aliiamini mila ile kama alivyoamini kwamba moto unaunguza.

"Makaburini nilinyamaza," alisema. "Leo sinyamazi."

Akanyanyuka. Kiti kikaanguka nyuma yake, akakiacha hapo hapo, akafungua mlango.

"Vendelín!"

Kijana alikuwa ameshashika komeo la lango. Aligeuka, akamwona mama yake amesimama kizingitini, akapiga yowe. "Mama, hapana! Rudi ukae! Ningekuja kesho!"

"Nimeshasimama, mwanangu. Njoo ndani, unaganda."

"Umefanya nini, mama? Umefanya nini?" Alilia waziwazi, dume zima, na hakusogea.

Ndani, kiti cha pili kikakwaruza sakafu. Hermína alikuja akijikokota na ukuta kwa sababu ya magoti yake mabovu, kijiko bado kiko mkononi. Vendelín alipomwona akarudi nyuma.

"Shangazi! Na wewe?"

"Na mimi. Kama ni kufa, tupange foleni, na mimi nakaa mbele, maana nimezaliwa kabla ya mama yako." Akamwashiria kwa kijiko. "Ingia ule, mtoto wa kaka yangu. Na ufunge huo mlango, supu inapoa."