Moshi wa Mama

Juzi sokoni nilimpita mwanamke anayeuza vipande vya mti wa talih, na harufu yake ikanirudisha Gumbo, mtaa wa utoto wangu. Siipendi harufu ile. Hata leo ikinifikia, nageuka kutazama ni nani anayenukia, na kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amekufa, na mimi na mama tulikuwa tumerudi kutoka Uganda kuishi kwa mama yake baba, tuliyemwita Haboba. Jirani aliyetoka Khartoum ndiye aliyemfundisha mama dukhan: unachimba shimo dogo, unatia makaa na talih, kisha unaketi juu ya moshi umejifunika blanketi mpaka shingoni. Ngozi inalainika, inang'aa, inanukia siku nyingi. Ila ule ni urembo wa mwenye mume. Mtaa mzima ulijua kwa pua mume wa nani yuko njiani.

Mama hakuwa na mume, lakini alinukia.

Haboba akaanza kunusa. Alinusa shuka, akanusa nguo kwenye kamba, akaninusa hata mimi, maskini, niliyelala na mama. Kisha akaniita jikoni.

"Chunga mama yako," akasema. "Yeye akienda kwa mwanaume, wewe iko nabaki hapa. Wewe mtoto ya sisi."

Tangu hapo sikumwamini mama hata kidogo. Akichana nywele, nilitaka kujua anamchania nani. Akicheka peke yake, nilikasirika. Nilimfuata mpaka mlango wa choo. Sikuona mwanaume yeyote, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi.

Jumamosi moja mchana aliwasha makaa, akaingia ndani kuchukua blanketi. Nikamwaga ndoo nzima ya maji shimoni. Akatoka, akanikuta na ndoo mkononi. Nilisubiri kofi. Alinitazama tu, akasema, "Basi." Jioni akalifukia shimo.

Mwaka jana, akinipamba kwa harusi yangu, nilimwuliza kwa utani kama kweli palikuwa na mtu.

"Alikuwepo," akasema. "Dereva mmoja wa kule Nesitu. Nilikuwa nimeshakubali kwenda. Nikakuona na ile ndoo, nikakaa."

Nilikumbuka tu kwamba kesho yake asubuhi, Jumapili, alinipikia uji kama kawaida, nami, kwa furaha ya kushinda, niliumaliza na kuomba mwingine.