Miwani ya Barafuni na Kilemba Changu

Jumamosi, katikati ya Agosti. Upepo ulianza mapema, na vumbi la barabara ya Segese likaingia hadi kwenye ndoo ya maji niliyokuwa nimeifunika.

Baba watoto anaona kwa jicho moja tu. Lile jingine liliharibika akiponda mawe ya dhahabu, kipande kikamrukia. Sasa anaendesha bodaboda, na kila lori likipita nalifikiria hilo lililobaki. Juzi alirudi jicho hilo limevimba. Alisema si kitu. Labda kweli si kitu, mimi si daktari.

Nikaenda mnadani na helmeti yake kapuni. Muuza mitumba mmoja alikuwa amefungua belo la vitu vya wazungu wanaoteleza kwenye barafu. Kulikuwa na miwani kubwa kubwa, zenye sponji pembeni na mkanda mpana.

"Jaribu pamoja na helmeti, mama," akasema. "Mkanda upite nje. Hapo juu ya paji pasibaki nafasi, vumbi ndipo linapoingilia."

Nikavaa miwani, na helmeti juu ya kilemba. Muuza nyanya akapaza sauti: "Mayu, mama yangu, ndege ya uwanja wa Ibadakuli inaruka saa ngapi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ya kioo cheusi niliikataa, maana yeye hurudi giza likiingia. Za njano zilikuwa mbili. Ndogo iliacha paji wazi, kubwa ikagusana na helmeti vizuri. Nikachukua kubwa.

Nyumbani baba watoto akaivaa. Helmeti ikashuka, ikaigandamiza miwani puani, akaanza kuhema kwa mdomo.

"Umetibu jicho, sasa unaua pua," akasema.

Ndipo nilipoelewa. Kule mnadani kilemba changu kilikuwa kimeinyanyua ile helmeti. Muuzaji hakuniambia nikivue, lakini angemwambiaje mke wa mtu avue kilemba mbele za watu? Simlaumu.

Simu ikaita, abiria. Akaishusha miwani shingoni. "Nitaivaa nikiona lori."

"Kwa mkono upi? Twende mnadani kwanza."

"Abiria anasubiri."

"Na jicho je, litasubiri?"

Akampigia mwenzake amchukue yule abiria. Niseme ukweli, ile ilikuwa riziki yake, na sikuwa na uhakika kama nina haki.

Muuzaji alianza na "kikiuzwa hakirudi," akamtazama baba watoto usoni, akaliona lile jicho bovu, akaacha. Akampa ile ndogo. Ikakaa chini ya helmeti bila nafasi wala kubana, na pua ikapumua. Baba watoto akanirudisha nyumbani, akaondoka na abiria mwingine kuelekea Kahama.

Mpaka magharibi nilikuwa nikitoka nje kila pikipiki ikisikika. Aliporudi sikungoja hata salamu, nikamshika kidevu nikamgeuzia kwenye taa. Uso wote mwekundu wa vumbi, isipokuwa pale miwani ilipokaa. Jicho lake zima lilikuwa safi, bila wekundu wala uvimbe.

"Umeshiba kuniangalia?" akasema. "Mimi bado."

Tukala ugali wa mtama na mlenda, na michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyobaki asubuhi.