Bibi Amehama, Kadi Imebaki Kitandani

Leo nusura nimchome mama wa watu sindano ya mwenzake.

Na kadi nilisoma. Sista anatufundisha sisi wakuu wa wodi kila siku: kadi kwanza, sindano baadaye. Kadi iliyofungwa kitandani ilisema penisilini, Bibi Mwanaidi wa Tongoni.

Aliyelala pale kajifunika kanga gubigubi.

Lakini mtu mzima humchomi hivi hivi bila kumwamkia. Nikasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti imetoka safu ya pili, nyuma ya mgongo wangu.

Nikageuka na sindano mkononi: Bibi yuko kule.

Kumbe asubuhi Bibi alilalamika kuwa miguu yake inaelekea kibla. Mama Yohana, yule wa mashamba ya mkonge huko Pongwe, akamwambia, "Njoo ulale kwangu, Bibi, mimi popote nalala." Wakabadilishana vitanda. Kadi hawakuzigusa.

Na Mama Yohana ndiye aliyevimba uso juzi kwa penisilini hiyo hiyo, akakosa pumzi mbele ya macho yetu.

Sikumchoma. Alhamdulillahi.

Sasa kwenye wodi yangu kadi inafungwa mkononi kwa mgonjwa. Akihama, inahama naye. Sista kakubali. Nyie wa wodi nyingine, kwenu mwafunga wapi?

Bibi sindano yake ameipata, analala anavyotaka.

Mama Yohana hajui lolote. Anaulizia uji.