Jina la Mwenye Darasa

Watu wakisikia nimefundisha shule kadhaa bila kuajiriwa hata moja, huniuliza nimepata nini. Huuliza kwa ile sauti ya kumpa mtu pole kabla hajafiwa. Mimi ni mwepesi wa hasira, basi huwajibu kwamba nimepata mengi, kisha nabadilisha mazungumzo. Ukweli ni kwamba nimewahi kupata kitu kimoja kikubwa sana, na kila nikikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kazi yangu ni kushikilia. Mwalimu akijifungua, akiugua au akienda masomoni, bodi ya shule hunitafuta. Naingia darasa la mtu, nakalia kiti cha mtu, nafuta ubao kwa kitambaa cha mtu, na siku mwenyewe akirudi nafunga virago. Katika ofisi ya walimu sina hata pembe ya meza. Mgeni akija huambiwa, "Huyu ni wa kushikilia tu," na mgeni hugeuza macho kumtafuta mwalimu wa kweli.

Shule ninayoisema iko nje ya mji wa Isiolo, upande wa Ngare Mara, na wazazi wake wengi ni wafugaji wa Kiturkana. Nilipelekwa kushikilia gredi ya pili. Mwalimu wao alikuwa amehamishiwa pale karibuni, akafundisha kidogo, kisha akaenda likizo ya uzazi. Wazazi walikuwa hawajamtia machoni. Walilijua jina lake tu, kwa sababu watoto walikuwa wamelipeleka nyumbani.

Asubuhi ya kwanza watoto walisimama wakaimba salamu yao kama walivyofundishwa, na mwishoni wakaweka jina lake. Nilicheka, nikawaambia langu. Wakaitikia vizuri, ndiyo mwalimu. Kesho yake wakasimama tena, wakaimba jina lake tena. Kwao lilikuwa jina la yeyote anayesimama mbele ya darasa lile. Ningewasahihisha mpaka wazoee, kwani watoto si mawe. Niliacha, na wala si kwa uvivu. Lilinipendeza. Lilikuwa jina la mtu mwenye barua ya ajira, mtu asiyefungishwa virago na mwingine. Nikawa naitika.

Katikati ya muhula akaletwa msichana mmoja kutoka maboma ya kuelekea Gotu. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, na Kiswahili hakukijua. Mwalimu wa kweli hakuwahi kumwona; mwalimu aliyemjua ni mimi, kwa jina lile nililoitwa na wenzake. Alikaa nyuma na mdomo wake kaufunga kabisa. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamnyamazia, hakuna kitu. Ndipo siku moja nikajaribu Kiturkana changu cha sokoni, ambacho mimi Mmeru nilikiokota kwa majirani mjini. Nilikusudia kumwambia aje mbele. Sijui nilisema nini, ila alicheka mpaka akaficha uso kwenye sketi. Kisha akanisahihisha. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza darasani.

Tangu hapo tulifundishana. Mimi nilikosea kwake, yeye akakosea kwangu, na darasa zima lilitucheka sote wawili. Siku aliposoma ubaoni sentensi nzima, mbuzi anakula majani, aligeuka haraka kuona kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Nilijifanya natafuta chaki mfukoni ili watoto wasione macho yangu. Hayo ndiyo malipo ya kazi hii, kama kuna anayetaka kujua, na siku ile sikumwonea wivu mwalimu yeyote aliyeajiriwa.

Muhula ulipokuwa unaelekea mwisho, msichana alinijia wakati wa uji. "Mwalimu, mama amezaa mtoto msichana," akasema. "Tumemwita jina yako."

Akanieleza namna ilivyokuwa. Kwao mtoto mchanga huwekwa kwenye titi na watu huanza kumtajia majina, ya bibi, ya shangazi, ya watu wema, na lile analolipokea kwa kuanza kunyonya ndilo lake. Huyu alikataa majina ya ukoo mzima. Mama yake akasema, hebu tujaribu ya yule mwalimu aliyemfungua dada yake mdomo. Mtoto akanyonya.

Nilipanda bodaboda kurudi mjini nikiwa nacheka peke yangu. Kuna mtoto duniani anaitwa mimi! Tulikuwa tumefika karibu na lami ndipo kicheko kikanikauka. Jina langu lipi? Pale shuleni hakuna mtoto aliyekuwa bado analikumbuka jina langu.

Ningesema kesho yake. Sikusema. Niliona aibu kumsimamisha mtoto mdogo nimwambie kwamba mwalimu wake amekuwa akiitikia jina la wenyewe. Nikajiambia muhula unaisha, nitaondoka, na mambo yatajifia yenyewe.

Siku ya kukabidhi darasa, mwenyewe alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akanishinda kwa wema. Alikuwa ameniletea ndizi mbivu za kwao, akanishukuru kwa kumtunzia watoto. Tulikuwa tumeketi ofisini, namwonyesha tulipofikia, mama yule alipobisha mlangoni na mtoto mgongoni. Msichana wake alikuwa amemwelekeza mapema: mwalimu wangu ni yule mrefu mwenye kovu kidevuni. Akanijia moja kwa moja.

"Habari mwalimu. Mimi ni mama ya yule msichana wako," akasema. "Nimeleta jina yako uione." Akamshusha mtoto, na akalitaja lile jina kwa furaha, kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwa ofisini.

Mwenye jina aliinua kichwa. Akamtazama mama, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Uso wangu ulikuwa unawaka moto. Alielewa yote, naapa, kabla sijafumbua mdomo.

"Mtemee mate," mama akaniambia. Kwao mate ya mtu mnayeshirikiana jina ni baraka, na mtoto hushikishwa bahati hivyo. Kinywa changu kilikuwa kikavu kabisa. Nikabaki nimemwinamia mtoto, midomo nimeikunja, hakuna kinachotoka. Yule mwalimu akanisogezea chupa yake ya maji. Nikanywa, nikamtemea mtoto kidogo kwenye paji la uso. Mama akashangilia.

"Na huyu?" akauliza, akimwelekea mwenzangu.

"Mimi ni mgeni tu, mama," yule mwalimu akajibu, akitabasamu. "Nimekuja kushikilia."

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma namna ile. Maneno niliyoyabeba miaka yote kama mzigo, yeye aliyavaa mara moja ili mimi nisiaibike. Mama akaaga, akatoka. Kisha nikamfuata mbio, nikamkuta karibu na lango, nikamwambia yote palepale: kwamba jina si langu, kwamba watoto walikosea nami nikawaacha, kwamba mwenyewe ni yule aliyesema ni mgeni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe jina yako ni nani?"

Nikamwambia. Alilitamka mara moja, polepole, akatikisa kichwa.

"Hiyo hatukuita."

"Unaweza kubadilisha?"

"Mtoto alishanyonya," akasema, kama anayemweleza mtu asiyejua kitu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo, maana hasira ningeijibu. "Msichana kuongea, kusoma, hiyo ni kazi yako. Asante sana. Lakini hii ya mtoto ni ya yule."

Akageuka kurudi ofisini. Nilimfuata nyuma, kwa sababu sikujua pa kwenda. Mlangoni alisimama, akashika ncha ya leso yake, akampangusa mtoto paji la uso, pale pale nilipotema, taratibu ili asimwamshe. Kisha akaingia, akamweka mtoto mapajani mwa yule mwalimu, akamwambia amtemee.